Saa Tuliyomzika Nayo Baba

Saa ambayo baba yangu alizikwa nayo niliiona Jumapili moja kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, Takoma Park, mkononi mwa mwanamke aliyekuwa akinimiminia chai. Ilikuwa inatembea.

Sikupiga kelele. Nilisema, "Sukari mbili," ingawa niliacha sukari zamani, ili mkono ule ubaki mbele yangu kwa muda kidogo zaidi. Aliweka kijiko cha kwanza. Aliweka cha pili. Mkono wa sweta ukapanda na nikaiona yote. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikatafuta kiti.

Nieleze kwanza kwa nini sikuwa na shaka, maana saa za aina ile ni nyingi duniani na bei yake si ya kutisha.

Niliinunua mwaka wangu wa kwanza huku Amerika, nilipokuwa nikiwatunza wazee katika nyumba moja ya Gaithersburg. Nilitaka saa inayovumilia maji, kwa sababu kutwa nzima mikono yangu ilikuwa kwenye maji, na isiyo na betri, kwa sababu nilikuwa nimechoka na vitu vya kubadilisha betri. Muuzaji alinionyesha saa nyeusi, nene, ya wapiga mbizi. Akaitikisa karibu na sikio langu nikasikia kitu kikizunguka ndani. Alisema hujijaza nguvu yenyewe kwa mwendo wa mkono. Ukiivua ukaiweka mezani, itatembea siku moja na zaidi kidogo, kisha itasimama ikusubiri. Kioo chake kilizungukwa na pete ya chuma iliyogeuka kwa hatua ndogo ndogo, tik, tik, tik. Wapiga mbizi huitumia kujua wamekaa chini ya maji kwa muda gani. Mimi niliitumia kwa wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Nikishamlaza mtu ubavu mmoja, nageuza pete mpaka alama ya juu ikae sawa na mshale, na hapo najua nilipomwacha na lini nimrudie.

Alama hiyo ya juu ilikuwa tone dogo linalong'aa gizani. Tone lilitoka siku nilipogonga saa kwenye chuma cha kitanda, na pembeni mwa shimo pakabaki mkwaruzo kama ukucha mdogo. Mke wangu alijaza shimo kwa rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva sana, akasema sasa saa yangu imeolewa. Halafu kulikuwa na dirisha la siku. Saa ile ilikuwa na majina ya siku kwa lugha mbili, Kiingereza na Kihispania, na nilipokuwa nikiipanga mara ya kwanza nilizidisha kugeuza ikakaa kwenye Kihispania. Sikuirudisha. Wenzangu wengi kazini walitoka El Salvador, walifurahi kuona Jumatatu yangu ikiitwa LUN na Jumapili ikiitwa DOM.

Saa ya mkono ulionimiminia chai ilikuwa na tone jekundu, mkwaruzo wa ukucha, na dirishani neno DOM.

Ilivyofika kwa baba ni hadithi fupi. Kwetu, mtu wa Amerika akienda nyumbani harudi na alichovaa. Mke wangu ananifahamu mimi na anawafahamu watu wetu, kwa hiyo alinifungia viatu vya kuacha, jaketi la kuacha, hata miwani ya jua ya kuacha. Hakufikiria saa. Siku ya kwanza tu, baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi mstaafu, alinishika mkono akaugeuza kama anayesahihisha daftari.

"Hii inaingia majini kweli?"

"Inaingia, baba. Mita mia mbili."

"Kwenda chini?"

"Kwenda chini."

"Na wewe huko chini unafuata nini? Si uliniambia unaosha wazee?"

Ndugu yangu mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Katika ukoo wetu wote hakuna anayejua kuogelea. Mto wa karibu unafika magotini. Baba aliagiza karai la maji, akaitumbukiza saa, akaita majirani. Wakainama wote kutazama mshale wa sekunde ukizunguka chini ya maji. Kisha akaitoa, akaifuta kwa shati lake, akaifunga mkononi mwake.

"Hii iache hapa. Wewe huko zimejaa madukani."

Nilirudi Maryland na mkono mtupu, na kwa kweli nilifurahi. Baba alijifunza siku zote saba za Kihispania. Nikimpigia simu Jumatano alianza hivyo: "Leo ni MIE, habari za huko?" Kanisani kwao aliwauliza wazee wenzake leo ni siku gani, wakijibu aliwaambia wamekosea. Nilimwelekeza namna ya kuweka Kiingereza. Alikataa. Alisema mwanawe aliiweka hivyo kwa sababu zake.

Kisha akaugua, akalazwa hospitali ya kaunti kwa muda mrefu, akafa.

Mimi sikuweza kwenda. Visa niliyosafiria mara ile ilikuwa imekwisha, makaratasi yangu ya makazi yalikuwa bado hayajajibiwa, na mwanasheria alinieleza kwa upole kwamba nikitoka nisitarajie kurudi. Wengi wa watu wetu hapa wanajua hali hiyo. Wamezika wazazi wakiwa wamekaa kwenye kochi. Nilimpigia mama. Sikuomba mengi. Nilisema, kwa kuwa sitakuwepo, baba azikwe na ile saa yangu mkononi, ili nami niwe nimeenda kiasi hicho. Mama alisema nizungumze na ndugu yangu. Ndugu yangu akachukua simu.

"Brathe, watu wa huku watamfukua."

"Saa ya bei hiyo? Hawamfukui."

"Wao wanajua bei? Wanajua tu imetoka Amerika."

"Nataka niione," nilisema. "Mtu wa video anionyeshe kabla jeneza halijafungwa."

Nilisema hivyo. Ndivyo tunavyofanya: tunachangia kutoka huku, halafu tunaagiza kama tumesimama pale. Ndugu yangu alisema sawa.

Mazishi yalirushwa moja kwa moja mtandaoni. Huku ilikuwa alfajiri. Sebule yangu ilijaa: watu wa kanisa, jirani mmoja Mtanzania aliyekuja na kanzu yake kutoka msikitini, mama mmoja Mkongo aliyeshika sufuria ya chai tangu alipoingia na hakuiweka popote. Kamera ilipita juu ya umati, ikafika kwenye jeneza lililokuwa wazi, ikashuka kwenye mkono wa baba. Nikaona saa nyeusi, mduara wake mnene, nusu imefunikwa na mkono wa shati jeupe. Hapo hapo picha ikaganda. Mtandao ulikatika kule na picha ile ikabaki kwenye televisheni yangu, mkono wa baba na saa yangu, muda mrefu kiasi cha watu kuimba wimbo mzima. Mama Mkongo alisema, "Mungu amekuachia umwangalie." Jirani yangu Mtanzania aliitikia, "Wallahi, kaka, amekuachia." Picha iliporudi, walikuwa wanatupia udongo.

Niliiamini picha ile kwa miaka. Siku za mwanzo nilikuwa nikiwaza jambo la ajabu: kwamba walipokuwa wakimvalisha baba saa ilitikisika ikaamka, kwa hiyo ilishuka naye ikiwa inatembea, ikaendelea kule chini siku ile na usiku ule, kisha ikasimama. Nilikuwa najiuliza ilisimama saa ngapi. Wazo hilo lilinituliza badala ya kunitisha. Sikununua saa nyingine. Nilihama kazi ya wazee, nikaingia ofisi ya kaunti kule Upper Marlboro, ambako kazi yangu ni kulinganisha karatasi mbili nione kama zinasema kitu kimoja, na wakati wote nilitazama saa ya simu. Binti yangu alipouliza kwa nini sivai saa, nilimwambia ninayo, ipo kwa babu yake. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kusema.

Basi, turudi kwenye chai.

Nilisubiri foleni iishe. Mwanamke yule alikuwa mgeni. Mchungaji alikuwa amemsimamisha asubuhi ile, akasema ni muuguzi, ametoka kaunti yetu ya nyumbani, ameajiriwa hospitali moja upande wa Gaithersburg, tumkaribishe. Nilimsogelea nikiwa na kikombe changu kilichojaa.

"Dada, saa yako nzuri."

"Asante, ndugu. Kubwa, eeh? Wananiambia nimeiba ya bwana." Alicheka. "Hata bwana sina."

"Umeipata wapi?"

"Nilipewa. Kuna mzee nilikuwa namhudumia, wodi ya wanaume."

"Alikupa yeye mwenyewe?"

Nadhani sauti yangu ilibadilika. Aliacha kufuta meza.

"Yeye mwenyewe. Saa ya ukutani ya wodi ilikuwa imekufa, na simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, nahesabu mapigo yake nikikisia sekunde. Mzee akakasirika! Alikuwa mwalimu. Akaniambia, 'Wewe binti, unanihesabu au unanibahatisha?' Akaivua. Akasema mwanawe aliitumia kwa kazi hii hii huko Amerika, kwa hiyo inaijua kazi."

Niliweka kikombe changu mezani.

"Akanipa na masharti," aliendelea. "Nisiguse jina la siku. Jumapili ni DOM. Nilidhani amechanganyikiwa na dawa, kumbe ndivyo imeandikwa. Akanifundisha zote, LUN, MAR, MIE..."

Akahesabu mpaka mwisho, kwa matamshi ya baba. Baba hakuwahi kusikia Kihispania. Aliyasoma kama yalivyoandikwa, na JUE, Alhamisi, aliitamka kama mtu anayesema "wewe ujue". Yule mwanamke naye aliitamka hivyo. Hapo nikajua hajaiba, na hajaokota, na hajanunua sokoni. Nilimwambia mimi ndiye mwana.

Alikaa juu ya meza ya mandazi. Aliweka mkono kinywani. Kisha, kwa haraka, akafungua mkanda akanipa saa. Niliishika. Ilikuwa na joto la mkono wake. Niliitikisa karibu na sikio, nikasikia kile kitu kikizunguka ndani, sawasawa na siku ya dukani.

"Alikupa lini?" niliuliza.

"Wiki mbili, tatu hivi, kabla hajaenda. Kwani nyumbani hawakujua?"

Nilikuwa nikiwaza ule mkono wa shati jeupe. Nikamrudishia saa. Akasita, nikamwambia, "Kesho uko kazini?" Akasema yuko. "Basi ifunge."

Nyumbani nilifungua kompyuta. Mke wangu alikuwa amehifadhi video yote ya mazishi, na mimi kwa miaka nilikuwa nimeitazama mara nyingi, lakini kama mtu anavyotazama picha ya marehemu ukutani. Safari hii niliitazama kama karatasi ya ofisini. Nilisimamisha pale picha ilipoganda nikaikuza. Uso mweusi, ndiyo. Mduara mnene, ndiyo. Chini ya ukingo wa shati paling'aa kitu, na siku zote nilijiambia ni ubavu wa saa. Nilikuza zaidi. Vilikuwa vipingili vya mkanda wa chuma.

Saa yangu ilikuwa na mkanda wa mpira tangu siku niliyoinunua.

Nilimwita mke wangu. Alitazama, akakaa, akatazama tena. "Hiyo si yako," alisema. Kisha akasema, polepole, "Tuliimba wimbo mzima."

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, niliingia ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi nikampigia mama. Kule ilikuwa jioni, nilisikia redio.

"Mama, ile saa ya baba."

"Saa gani?"

"Tuliyomzika nayo."

Redio ikazimwa. Mama akasema, "Nani amekwambia?"

Nimefanya kazi na wazee, nimeona watu wakifa mbele yangu, lakini sijawahi kupigwa na maneno mawili namna ile. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza polepole, nisimshtue. Kumbe aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.

Alinieleza. Siku ya kuchukua vitu vya baba hospitalini, saa haikuwemo. Alidhani imeibwa na nesi aliyekuwa akimhudumia baba. Angeniambiaje? Nililia kwenye simu nikiomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe hakipo. Wakanyamaza, wakitumaini nitasahau kwa majonzi. Asubuhi ya mazishi, jeneza likiwa wazi uwanjani, kabla ya kuwasha kamera, mtu wa video akapaza sauti mbele ya watu wote: "Yule wa Amerika alisema aonyeshwe saa. Saa iko wapi?"

"Nikaona nitakufa mimi pia," mama alisema. "Ndugu yako akawa anashika mifuko yake kama mtu aliyepoteza funguo. Halafu saa ikaja."

"Ikaja vipi?"

"Ikaja. Muulize mwenyewe, huyu hapa."

Ndugu yangu alichukua simu. Kwanza alikohoa.

"Brathe, usikasirike."

"Sikasiriki. Saa ilikuwa ya nani?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Uliipokea kwa mkono wako."

"Ilitoka nyuma. Watu walikuwa wamesongamana, mtu aliivua kule nyuma akaipitisha, huyu akampa huyu, juu ya mabega, mpaka ikanifikia. Ilikuwa bado na joto. Nikamvalisha mzee, mtu wa video akashusha kamera, mtandao ukapotea, fundi wa jeneza akasema jua halisubiri. Wakafunga."

"Ikiwa ndani."

"Ningeitoa vipi, bana, watu wote wakitazama? Mbele ya mchungaji nimvue marehemu saa?"

"Na mwenyewe hakuja kuidai?"

"Nilimngojea. Nilidhani ni ya katekista, katekista akanionyesha yake. Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Kwa watu wa chama cha majani chai. Kwa wale wajomba wa mbali. Nauliza kwa kuzunguka, mtu asijue tulidanganya. Hakuna. Na mtu wa video alishasema kwamba umeiona."

Mama akamnyang'anya simu. "Mimi kila anayenisalimia kanisani naangalia mkono," alisema. "Mpaka leo. Natafuta aliyekuwa anavaa saa na havai tena."

Nikamweleza ilipo saa yangu, na baba alimpa nani na kwa nini. Mama akacheka, kicheko chembamba ambacho sikukijua. "Huyo mzee," alisema. "Nilimchukia yule nesi miaka yote hii. Nilisema ni yeye. Na kumbe ni yeye." Akaniomba nimsalimie.

Jioni ile nilirudi kwenye video, sehemu ya kabla ya jeneza, pale kamera inapopita juu ya umati. Nilitembea nayo picha kwa picha. Ilikuwa Julai, na Julai kwetu ni baridi; kila mtu amevaa koti au sweta hadi viganjani, hakuna mkono unaosomeka. Lakini mahali pamoja, nyuma ya wanawake wa kwaya, mkono unainuka kati ya vichwa viwili, umeshika kitu kinachomeremeta. Unaonekana mkono wa sweta ya kijani, imefumwa kwa mkono, na kiganja cha mtu mzima. Kichwa kinachohusika kimefichwa na mwavuli uliofungwa. Picha inayofuata, kamera imeshapita.

Niliikata picha hiyo nikaituma nyumbani. Ndugu yangu aliizungusha kanisani, kituo cha kuuzia maziwa, mpaka shuleni alikofundisha baba. Mama, ambaye anajua sweta za kijiji kizima na nani alimfumia nani, aliishika simu karibu na dirisha, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Hii sweta siijui," aliniambia.